Mwanamke Aliyeshonwa Kila Asubuhi

Kila asubuhi, kabla mlango wa ukumbi haujafunguliwa, mdogo mtu alilala kifudifudi juu ya meza ya kukatia vitambaa, na dada mtu akaanza kumshona ndani ya mkia wa samaki. Sindano ilikuwa ile iliyopinda kama kucha ya paka. Uzi ulipakwa nta. Mishono ilianzia chini ya kiuno, kwa nyuma, ikateremka hadi magotini, na yote ikapita chini ya magamba, gamba limelalia gamba, hata ukipitisha kidole hupati pa kuingiza ukucha. Zamani mkia ule ulikuwa na zipu. Maji ya chumvi yaliila zipu ya kwanza kwa wiki tatu, ya pili kwa mbili. Dada mtu alikuwa fundi cherehani aliyefundishwa akafundishika, hakupenda kazi ya kulipua. Akasema basi, asubuhi nitashona kwa mkono, jioni nitakata nyuzi.

"Nimekuchoma?" dada aliuliza.

"Hapana."

"Mbona damu?"

"Sijasikia."

Kweli hakusikia. Miaka kumi na moja ya maji baridi ilikuwa imeifundisha miguu ile kunyamaza. Maji hayakupashwa moto kwa sababu maji ya moto hutia ukungu kwenye kioo, na watu hawakuja kutazama ukungu.

Watu walimwita Nguva. Dada yake alimwita mdogo wangu, mume wa dada alimwita shemeji. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo mahali, kama ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Hakuna aliyelitaja, na yeye mwenyewe hakulikumbuka ila pale alipoona mtu kaandika jina kama hilo kwenye mfuko wa shule wa mtoto, upande wa pili wa kioo.

Alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Mikono yake iliwahi kugeuza sufuria la watoto mia tatu kwa mwiko mrefu kama kasia, na hakuna mtoto aliyelala njaa. Shule ikafungwa, akaja kwa dada yake na sanduku moja, kupumzika kidogo. Wakati huo shemeji alikuwa amechukua ukumbi wa zamani wa sinema, akang'oa viti vya mbele, akajenga tangi la kioo kubwa kama chumba cha kulala, akatia samaki wa rangi. Samaki wakafa mmoja mmoja mpaka wakaisha. Likabaki tangi na mawe yake ya simenti, na shemeji akalizunguka siku nzima mikono nyuma, kama mtu aliyefiwa.

Dada ndiye aliyetoboa siri, bila kukusudia, wakinywa chai. Alisimulia jinsi mdogo wake utotoni alivyokuwa akizama kwenye bwawa la shule, akakaa chini mpaka wenzake wanaanza kulia.

Shemeji akaweka kikombe chini. "Shemeji," alisema, "miezi mitatu tu. Mpaka nipate samaki wengine."

Samaki wengine hawakuja. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Hakupata kumpigia kelele, na mdogo mtu akiugua alimletea supu mwenyewe hadi kitandani. Alikuwa tu ni mtu wa mwezi ujao. Kila jambo lake lilikuwa la mwezi ujao. Na alikuwa na sharti moja, alilisema siku ya kwanza na hakulirudia mara nyingi: "Ukionekana mtaani na miguu, shemeji, tumekwisha wote."

Kwa hiyo hakuonekana. Alilala chumba cha juu ya ukumbi, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Alipohitaji kwenda kung'olewa jino, alilazwa kiti cha nyuma cha gari chini ya blanketi, akapelekwa mji mwingine, akarudishwa vivyo hivyo. Hakufungwa mnyororo. Mlango wa chumba chake ulikuwa na komeo kwa ndani, alifunga mwenyewe.

Usidhani alikuwa akilia. Kilio kilimwishia mwaka wa pili, kama sabuni inavyoisha bafuni, hujui ni siku gani. Baada ya hapo alizama, akavuta hewa kwenye bomba lililofichwa ndani ya jiwe, akaibuka, akakaa juu ya jiwe akachana nywele, akatabasamu, akazama tena. Watoto walibandika pua kwenye kioo. Wanaume waligonga wakasema hebu geuka tuone. Wenye akili zao walisema huyo ni mtu, na shemeji akawajibu kwa upole, "Haya, nionyesheni mshono." Walitafuta mpaka macho yakauma. Mshono wa dada haukuonekana.

Ndipo akaja fundi viatu.

Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye vidole vyeusi kwa gundi na rangi ya viatu. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya ukumbi, mitaa miwili. Watu walimwita Mama Soli. Mara ya kwanza alikuja kwa ubishi tu, kwa sababu mteja mmoja alimwambia kuna mkia usio na mshono.

Alichuchumaa mbele ya kioo, akatazama kuanzia kiunoni kwenda chini na kurudi juu. Alitazama robo saa. Kisha akasimama, magoti yakalia.

"Mimi macho yangu ni ya mshono," aliwatangazia waliokuwepo. "Naona uzi mahali ambapo mwenye kiatu haoni kiatu. Kama huyu angekuwa ameshonwa, ningemwona. Huyu ni samaki."

Tangu hapo akawa anakuja kila Alhamisi mchana, saa ambayo ukumbi huwa mtupu. Alikaa kwenye pembe ambapo, juu ya usawa wa maji, kioo na ukuta vimeachana kidogo, upenyo wa kupitisha vidole viwili, kwa sababu pale palikuwa na ukuta wa kuegemea mgongo. Hakujua kwamba upenyo ule ndio sikio la tangi zima. Nguva alikuwa akikaa juu ya jiwe, kichwa nje ya maji, anachana nywele, na kila neno lilimfikia.

"Marehemu hajambo," ndivyo Mama Soli alivyoanza kila Alhamisi, huku akivua viatu vyake mwenyewe kuipa miguu hewa. "Hajambo kabisa. Ananenepa."

Maana Mama Soli alikuwa mjane ambaye mume wake hajafa. Mume alikuwa amehamia mji wa tatu kutoka hapo, kwa mwanamke anayeuza milango. Mama Soli aliona aibu ya kuachwa akiwa na umri ule, akawaambia majirani kwamba mume amefia safarini na amezikwa hukohuko. Majirani wakaja wakakaa naye siku tatu. Wakamlilia yule bwana vizuri, vizuri kuliko alivyostahili. Baada ya hapo angesemaje?

"Juzi nimesikia ameanza kunyoa ndevu," aliiambia pembe ile. "Miaka ishirini na mbili namwambia nyoa, anasema zinamkinga baridi. Kwa muuza milango baridi imekwenda wapi? Hayo nimwambie nani? Jirani akiniona nimenuna ananiambia pole, muda utaponya. Nakuambia wewe kwa sababu wewe ni samaki. Huna mdomo wa kupeleka."

Alipomaliza alivaa viatu, akainuka, akaweka kiganja kwenye kioo. Nguva naye aliweka chake kwa ndani. Mama Soli akacheka, "Umeiga tena, mjanja wewe," akaenda zake.

Hivyo kwa miaka minne.

Nguva hakuliita jambo hili urafiki. Alichogundua ni kidogo tu: kwamba siku nyingine zote hakujua ni siku gani, lakini Alhamisi aliijua. Na kwamba wiki nzima, chini ya maji, kulikuwa na majibu yanatengenezeka kichwani mwake bila yeye kuyaita. Mama Soli aliuliza, "Akirudi nimpokee?" na Nguva akazama, akavuta hewa ya bomba, na neno likawa linazunguka naye kama kiputo: usimpokee. Alilibeba mpaka Alhamisi iliyofuata. Halikutoka. Nguva anayejibu si nguva, na nyuma ya nguva kulikuwa na dada, na shemeji, na paa la ukumbi.

Alhamisi ya mwisho Mama Soli hakuvua viatu.

"Leo sikai," alisema. "Vibanda vyetu vinabomolewa, wanataka kupanua barabara. Nina binamu yangu ana chumba cha mbele huko mbali, ameniambia njoo ufungue kazi. Jumamosi asubuhi lori linapakia. Nimekuja kukuaga." Akajikuna shingo. "Mtu mzima namuaga samaki. Ndipo nilipofika."

Akaweka kiganja kwenye kioo. Nguva hakuweka chake. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, kitana mkononi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakujua afanye nini na mikono yake. Mama Soli alingoja, akaondoa mkono.

"Haya. Umenuna. Hata mimi."

Jioni ile dada alipokuwa anakata nyuzi, mdogo mtu alisema, uso umelalia meza, "Kesho sitaki kushonwa."

Mkasi ulisimama, ukaendelea. "Unaumwa?"

"Hapana. Nataka kwenda kwa Mama Soli."

Dada aliweka mkasi chini. Alikusanya vipande vya uzi kimoja kimoja, akavitia kwenye kopo kama kawaida yake.

Asubuhi ya Ijumaa mambo yalikuwa kama siku zote. Mdogo alilala kifudifudi, dada akavuta mkia, akatia sindano. Shemeji alikuwa kando anafuta kioo cha tangi, anapiga mluzi. Dada alishona mshono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akasimama.

"Baba," alimwita mumewe, "uzi umeniishia."

"Umekwishaje? Juzi si ulichukua mpya?"

"Umekwisha."

Kigurudumu cha uzi kilikuwa mapajani mwake, kimejaa, hakijapungua hata robo. Shemeji alikitazama kile kigurudumu, akamtazama mkewe, akaacha kupiga mluzi. Dada akachukua mkasi, akakata ile mishono mitatu, akauvua mkia, akamshusha mdogo wake mezani na kumvika gauni moja la kwake. Kisha akavua kandambili zake, akaziweka sakafuni mbele ya miguu ya mdogo wake. Zilikuwa kubwa kwa vidole viwili.

"Shemeji, tuzungumze," alisema shemeji. "Mwezi ujao..."

Mdogo mtu alikuwa amekwisha kutoka.

Nje jua lilikuwa la saa nne. Alitegemea, kama alitegemea chochote, kwamba watu watasimama, watapiga kelele, nguva kaota miguu! Hakuna aliyegeuka. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, ambaye wiki iliyopita tu alimnyanyua mtoto huyo huyo apunge mkono kwenye kioo, alimpiga kikumbo, akasema samahani dada, akapita. Nywele zimefungwa, gauni la dada, kandambili za dada. Alikuwa mwanamke yeyote. Hakuona raha wala uchungu. Aliona tu kwamba barabara ni ngumu, na kwamba inabidi uinue mguu mmoja, ndipo mwingine, na kichwa kikumbuke yote mawili.

Kibanda cha Mama Soli, alichokijua kwa masimulizi ya Alhamisi, kilikuwa nusu kimefungwa. Ngozi zilikwisha kufungwa mafungu, cherehani ya viatu imeviringishwa gunia. Yeye alikuwa kwenye kigoda, anamalizia kiatu cha mwisho, misumari midogo mdomoni.

Mama Soli hakuwa mtu wa kutazama nyuso. Alitazama kandambili.

"Hizo si zako," alisema kati ya misumari. "Kaa, mama. Vua."

Akakaa kwenye boksi, akavua. Mama Soli alichukua mguu wake wa kulia akauweka mapajani kama wafanyavyo mafundi, akaugeuza. Akatema misumari kiganjani.

"Makubwa! Mguu gani huu? Wa mtoto mchanga. Hauna sugu hata moja. Wewe hutembea kwa mikono?"

Hapo alitakiwa kusema. Majibu ya miaka minne yalikuwa yamejipanga, lakini hakujua mtu huanzaje kuzungumza na rafiki. Alijua salamu moja tu ya watu hawa wawili, ile iliyofungua kila Alhamisi. Akaitumia.

"Marehemu hajambo?"

Mkono wa Mama Soli uliganda juu ya mguu. Kisha ukauachia, mguu ukaanguka.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Ni yule wa milango? Anataka nini kwangu? Mpaka naondoka hanipi nafasi ya kuondoka?" Sauti yake ilishuka, akachungulia nje kama kuna jirani. "Sema, unataka nini? Nani mwingine anajua?"

"Sikusema kwa mtu. Ulisema huna wa kumwambia." Sauti yake mwenyewe ilimshangaza, ilikuwa na kutu. "Ulisema ameanza kunyoa ndevu. Uliniuliza akirudi umpokee. Usimpokee."

Mama Soli alisimama, nyundo mkononi. Si kwamba alitaka kumpiga, aliisahau tu. Yule mgeni hakujua aongeze nini. Akainua kiganja, akakiweka hewani mbele yake, kana kwamba kuna kioo.

Mama Soli alikitazama kile kiganja. Alitazama ngozi yake iliyokunjamana kama nguo iliyosahauliwa ndani ya beseni. Alitazama miguu.

"Una miguu," alisema.

"Ninayo."

"Miaka minne."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unasikia kila kitu?"

"Kuna upenyo pale pembeni."

Mama Soli akakaa. Alivyokasirika, alikasirika kimyakimya, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi sikumwambia mtu," alisema. "Ningetaka kumwambia mtu, watu wamejaa. Nilimwambia samaki. Nilijifariji walau samaki nimempata. Sasa unanijia hapa na kandambili za watu unaniambia hata samaki sina."

"Samahani."

"Nenda zako."

Aliinamia kandambili, akavaa ya kulia, akavaa ya kushoto. Alikuwa amefika kwenye turubai la mlango ndipo Mama Soli aliposema nyuma yake, kwa sauti ya mtu anayejilazimisha kutouliza na ameshindwa:

"Nani anashona?"

Akageuka. "Dada yangu."

"Sindano gani?"

"Iliyopinda. Kila asubuhi. Uzi una nta."

"Anapitia wapi?"

"Chini ya magamba. Anainua gamba, anachoma, analilaza."

"Kila gamba?"

"Kila gamba."

Mama Soli aliguna. Akatikisa kichwa taratibu, na midomo yake ikatembea kana kwamba anahesabu yale magamba. "Kila asubuhi," alisema. "Huyo ni fundi. Nilichuchumaa pale robo saa nzima, na mimi si mtu wa kudanganywa na uzi. Huyo ni fundi kweli." Kisha akapiga pigo moja la nyundo hewani. "Rudi ukae. Leta huo mguu. Utatembeaje na kandambili, si utavunjika?"

Alimpima kwa kamba, akatoa ngozi moja kutoka kwenye fungu lililokwisha kufungwa.

"Kesho saa mbili lori linaondoka," alisema. "Viatu vitakuwa tayari. Mimi sipelekei mtu viatu ndani ya maji. Ukivitaka, utavifuata."

Aliporudi ukumbini alikuta kibao mlangoni: NGUVA ANAUMWA. Ndani, shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja cha sinema kilichobaki, anatazama tangi lisilo na kitu.

"Shemeji," alisema, hata hakukasirika, "sisi ni familia. Ukiondoka nani atakaa humo?"

Kabla mdogo mtu hajajibu, dada alitokea nyuma na ufagio. "Kaa wewe," alimwambia mumewe. "Mshono naujua. Kiunoni nitapanua."

Hakuna aliyecheka, ingawa ilikuwa ya kuchekesha, na dada aliendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Jumamosi dada alimbebea sanduku hadi kona. Lilikuwa lile lile. Hawakukumbatiana, dada alimtia mkononi kile kigurudumu cha uzi, akasema, "Kikiisha utanunua," akageuka akaenda haraka, mabega yamepanda.

Viatu vilikuwa vyeusi, vya kamba, vizito. Mama Soli alimfunga mwenyewe, akabonyeza dole gumba mbele kupima nafasi.

"Vinabana?"

"Sijui. Sisikii."

"Utasikia. Ngozi mpya haina adabu." Akainuka, akaonyesha lori. "Nafasi iko moja mbele, kati ya dereva na mlango, ya kwangu. Tutabanana. Cherehani utaipakata wewe, mimi nina mgongo." Mguu mmoja ukiwa juu ya ngazi ya lori, akageuka na kidole kimenyooka. "Sikiliza. Huko tunakokwenda mimi bado ni mjane. Usije ukanisalimia marehemu mbele za watu."

"Sawa."

"Na wewe huko ni nani? Watauliza."

Alifikiri. Dereva alikwisha kuwasha gari, linatetemeka. "Nilikuwa mpishi wa shule," alisema.

"Basi mpishi. Panda."

Alikaa dirishani, cherehani mapajani, bega la Mama Soli limemkandamiza kwenye mlango. Lori likapita mbele ya ukumbi. Kibao kilikuwa bado pale. Hakusikia kitu, si furaha, si majonzi; ila kwenye kisigino cha kushoto, ngozi mpya ilianza kumchubua kidogo.

"Joto," alisema Mama Soli. "Fungua kioo."

Alikitazama kioo. Chini yake kulikuwa na mkono wa chuma. Akauzungusha, kikashuka, kikafika nusu, kikagoma.

"Hicho mwisho wake hapo," dereva alisema.

"Panatosha," akajibu.